Cheftaine na shimo la majani laini

Cheftaine, mama anayeongoza mabinti wa skauti wa Ndosho, hapazi sauti. Anainua kidole chake kilichopinda, na watoto wananyamaza. Kabla ya hema kusimama, anazunguka na mushumaa unaowaka akiushika karibu na majani, kama mutu aliyepoteza sindano. Anatafuta mazuku, ile hewa isiyo na harufu inayolala mashimoni, inayozima moto na kuua mutu usingizini.

Jumamosi Papa Védaste, mukubwa wa wazazi, akamucheka. "Mama, shimo hili halina upepo, majani laini! Watoto walale humu."

Cheftaine akamupa mushumaa. "Shuka utuonyeshe, papa. Mushumaa chini, kichwa juu."

Papa akashuka. Mushumaa ulipofika usawa wa magoti yake, ukazimika. Papa akapanda mbio kuliko mbuzi, kofia ikaanguka nyuma shimoni.

"Papa, kofia!" watoto wakamuita.

"Iache ilale!"