Wifi Aliniambia Saa Sita, Nikaingia Saa Saba

Admin, nisitiri jina. Nikisema wazi, Mlingotini nzima watanijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani, nashona sare za shule pale Kerege. Nimeachika, na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka saba. Nitamwita Idrisa, ingawa silo jina lake. Baba yake anaishi Uingereza. Mwaka juzi alikuja, akaniomba aende na mtoto likizo ya mwezi mmoja akaone theluji. Nikamfungia begi mwenyewe. Mwezi ulipokwisha akanitumia ujumbe kwamba mtoto ameshaandikishwa shule huko, harudi.

Nilihangaika hadi nikapata watu wa kunisaidia kufungua shauri kwenye mahakama ya kule. Wakili sikuwa naye. Nilipewa mkalimani tu, mama mmoja Mtanzania anayeishi huko, na vikao ilikuwa niingie kwa video. Cha kwanza kilikuwa saa nne asubuhi kwa saa zao, huku kwetu saa saba mchana. Mtandao ukanikatikia katikati. Hakimu akasema kitapangwa kingine na nijitahidi nisikose. Barua ikaja: Jumanne baada ya Idi, saa nne ileile ya kwao. Mimi nikajua ni saa saba yangu ileile.

Mtalaka wangu ana dada yake anaishi Bagamoyo mjini. Jumatatu, siku moja kabla ya kikao, akanifuata kazini. Ndiye aliyekuwa ananipa simu yake kila Jumapili nikazungumza na mwanangu, maana kaka yake simu zangu hapokei. Nikamwamkia, akaitikia, hata kukaa hakukaa.

"Wifi, kesho ingia saa sita, si saa saba. Huko jana wamesogeza saa mbele."

Nikamuuliza, "Saa inasogezwaje? Na jua nalo limesogezwa?"

"Mambo yao siyajui. Ila kaka hunipigia Jumapili saa moja jioni, jana, wewe hukuja, kanipigia saa kumi na mbili, akasema kwake ni wakati uleule. Mimi ni mama kama wewe. Nimeona nikwambie."

Alipoondoka nikajisemea, huyu katumwa. Damu nzito kuliko maji, atanisaidiaje mimi amwangushe kaka yake? Anataka niingie saa sita, nisikute mtu, nidhani kimeahirishwa, niondoke. Sikumuuliza mkalimani, sikumuuliza mtu yeyote. Ndugu zangu, ningeingia tu saa sita nikakaa nikasubiri, ningepoteza nini? Saa moja ya kushona. Nimejiuliza swali hilo mpaka nimechoka nalo.

Jumanne nilivaa baibui jipya, nikaenda steshenari yenye mtandao mzuri, nikazima simu isinisumbue. Saa saba kasoro dakika tano nikafungua kompyuta. Ikaandika nisubiri. Nikasubiri mpaka saa nane. Nilipowasha simu nikakuta mkalimani kanipigia mara sita. Nikampigia.

"Mama, ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Walikusubiri dakika ishirini. Kikao kimeisha."

"Mbona nimeingia kabla ya saa saba, nikasubiri mpaka sasa?"

Akasema, "Huku saa zilibadilika Jumapili. Hukuambiwa?"

Nikamjibu sikuambiwa. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Akanieleza kwamba mahakama imeamua mtoto atabaki kwa baba yake.

Nilirudi nyumbani. Mama yangu akanipokea mlangoni, akauliza imekuwaje. Sijui ulimi ulipata wapi yale maneno. Nikasema, "Wifi kanidanganya saa." Mama akalia, akampigia mjomba, na mjomba akaenda mjini kwa mume wa wifi. Kabla ya wiki kwisha kila mtu anajua kwamba yule mwanamke kamuuza mtoto wa mwenzie.

Wifi akaja. Alikaa mkekani mbele ya mama, akaniangalia.

"Nimeyasikia yanayosemwa. Nakuuliza mbele ya Mungu, nilikwambia saa ngapi?"

Mama alikuwa kanishika mkono. Nikasema, "Uliniambia saa saba."

Alijifunika mtandio wake, akamuaga mama kwa adabu, akaondoka. Tangu siku hiyo simu ya Jumapili haipo. Mtalaka wangu kanitumia neno moja tu: nimemvunjia dada yake heshima, basi mtoto nisahau. Ni mwezi wa tano sasa sijasikia sauti ya mwanangu. Nimeiandikia mahakama kuomba shauri lisikilizwe upya, wamejibu kwamba barua yao ilisema wazi ni saa za kwao. Mkalimani ananiambia hakuna mlango mwingine anaoujua.

Wiki iliyopita wifi alimuoza binti yake. Upande wetu hakwenda mtu. Nasikia hata majirani zake wengi hawakufika, na wali ulibaki masufuria mazima. Mumewe anamsema kwamba kamtia aibu. Na mama yangu presha imempanda, kila akiswali anamuombea yule mwanamke mabaya, mimi niko pembeni yake naitikia amina.

Nikisema kweli, mwanangu harudi. Mama naogopa itamuua, na mjomba hataniangalia tena. Nikinyamaza, mwanamke aliyetaka kunisaidia atazikwa na jina la muuza mtoto. Juzi nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anazungumza kwenye simu, anacheka na Idrisa wangu. Sikuweza kupiga hodi, nikarudi.

Najua mtanitukana, na haki mnayo. Lakini mkishamaliza, mwenye busara aniambie: kwa dhambi hii nianzie kwa nani, na nimwambie nini?