Una Mbuzi Wangapi?

Vijana wa chuo hapa Embu hupenda kuniuliza meneja mzuri wa bidhaa ni mtu wa aina gani. Nawajibu bila kusita: awasikilize wateja, aseme ukweli mbele ya wenzake, asiipende bidhaa yake kuliko watu. Wanaandika. Mimi naangalia chini, maana nawafundisha yale niliyoshindwa kuyafanya siku yalipohitajika.

Bidhaa yangu ya kwanza ilikuwa huduma ya simu ya kuagiza chanjo ya mbuzi. Mfugaji alijibu maswali manne, na wiki iliyofuata daktari wa mifugo alimletea dozi alizoagiza, si zaidi. Programu iliandikwa na vijana wawili kutoka Nairobi. Kuwaeleza hao vijana mfugaji ni mtu gani na anataka nini, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilitembea kifua mbele na hicho cheo, tai shingoni hata kwenye jua la Ishiara. Mjinga mimi.

Swali la tatu lilisema: Una mbuzi wangapi? Usipoweka namba, simu haikuendelea, maana idadi ya dozi ilitokana na namba hiyo.

Sasa mimi ni mzaliwa wa Kianjai. Nikiwa mdogo nilisimama mlangoni mwa zizi nikaanza kuwahesabu mbuzi wa mama kwa kidole, mmoja, wawili, watatu. Mama aliudaka mkono wangu akakikunja kile kidole mpaka nikalia. Mifugo haihesabiwi, wala watoto. Ukitaja idadi unaita kifo. Yeye aliwajua mbuzi wake kwa rangi na kwa tabia, na jioni alimjua ambaye hajarudi kabla hajafunga zizi. Huko Mbeere, iliko Ishiara, nako ni vivyo hivyo. Hakuna aliyehitaji kunifanyia utafiti.

Nilijua, nikanyamaza. Wale vijana waliponisomea swali hilo, ningesema nini? Kwamba huyu mwenye tai bado ana mambo ya zizini? Niliogopa kuchekwa, basi. Nikawaambia swali liko sawa kabisa.

Tukaenda Ishiara kuwafundisha watu. Shosho mmoja, bibi kizee mjane, alitukaribisha kwake. Shamba lake lilikuwa mawe na miiba, na wajukuu aliokuwa akiwalea walikula kwa sababu ya mbuzi tu. Aliposomewa swali la tatu alinirudishia simu, akasema kwa upole kwamba mbuzi wapo, anamshukuru Mungu. Nikampa tena. Akasema ni wa kutosha. Hapo nikampandishia sauti, mimi niliye sawa na mjukuu wake, nikamwambia simu haielewi mambo ya wa kutosha, aweke namba, watu wanangoja. Akabonyeza tano. Zizi lilikuwa pale pale, limejaa mpaka mlangoni. Nikasema asante, nikaenda kwa jirani.

Ofisini tulishangaa jinsi wafugaji wa huko walivyo na mbuzi wachache, karibu wote watano watano. Yaani wenzangu walishangaa. Mimi nilipigiwa makofi kwa ripoti safi, na nikayapokea.

Daktari alimpelekea shosho dozi tano. Alimwuliza wale wengine ni wa nani, shosho akamfungulia zizi tu. Dozi zikiwa tano tu, ikabidi shosho achague mwenyewe wa kuchanjwa. Miezi michache baadaye sotoka ya mbuzi, ule ugonjwa tuliokuwa tukiuchanjia, ikapita kule.

Nilipopata habari nilirudi kwake. Alinipa kiti, akanimiminia uji kwenye kikombe chake kizuri. Nikaanza kueleza kwamba fomu ilikuwa na kasoro, kwamba vijana wa kompyuta ni watu wa mjini, hawakujua. Hata pale, jamani, hata pale bado nilikuwa nikijikosha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kianjai.

"Na huko kwenu, mwanangu, mbuzi huhesabiwa?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa.

"Hapana, shosho."

"Basi wewe ulijua," akasema.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alinyanyuka akanipeleka zizini, kwa sababu mgeni huonyeshwa mifugo, akaniambia huyu mweupe ni mkaidi, yule mwenye sikio lililopasuka ndiye mama yao. Nikamwomba msamaha, safari hii bila kumtaja mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuwapapasa. Nilikuwa nimefumba ngumi mfukoni, nikikaza macho kwenye udongo nisiwatazame wote kwa pamoja. Haikusaidia. Macho yalihesabu yenyewe, na walikuwa watano.