Barua ya Askofu Bartolomayo

Barua ikishindikana kufikishwa, ofisini walimpa Edina Matonya. Alikuwa mhudumu wa ofisi ya kodi pale Dodoma, mama wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Haneti, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupeleka barua za madai na kurudi na sahihi ya aliyepokea. Kuna waziri mstaafu aliyewahi kumkwepa wiki tatu. Edina alimsubiri nje ya ukumbi alikomwozesha binti yake, akampa kwanza hongera, kisha bahasha. Mzee yule alisaini huku akicheka.

Lakini barua hii ilikuwa ya Askofu Bartolomayo wa Miyuji. Sadaka zake hakuna aliyezigusa. Kilichodaiwa ni kodi ya nyumba ya wageni na ukumbi wa harusi alivyojenga nyuma ya kanisa. Watumishi watatu wa ofisi ya kodi walishafika getini kwake wakaambiwa Baba yuko kwenye maombi. Kisha askofu akasikika redioni akisema hajawahi kuona barua yoyote, na kwamba kuna watu wanalipiga vita kanisa.

"Mama Edina, najua unasali pale," mkuu wake, Damas, alimwambia. "Ukiona vigumu, sema tu."

Ugumu ulikuwepo. Mumewe alipofariki, askofu huyo huyo alikwenda mpaka Haneti kumzika, masika, gari likakwama mara mbili, akafika na viatu vimejaa tope. Edina hakuwa amesahau.

"Nipe," alisema.

Jumapili aliimba kwaya kama kawaida, akaenda nyumbani. Jumatatu, siku ambayo askofu husikiliza wenye shida, alifika asubuhi, akachukua namba, akakaa kwenye benchi na wagonjwa na wenye kesi za ndoa. Namba yake ilikuwa ishirini na tatu. Ilipoitwa, saa nane mchana ilikuwa imepita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Una shida gani?"

"Sina shida, Baba. Nimekuletea barua yako ya kodi."

Askofu akaitazama bahasha, kisha akamtazama yeye. "Edina. Wewe si muumini wangu?"

"Ni muumini wako, Baba. Ndiyo maana sikukuletea jana, mbele ya watu."

Edina akatoa kitabu cha kusainia, akakishika wazi, kalamu juu yake.

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwamba umekataa. Ila redioni hutaweza tena kusema hujaiona."

Askofu akavuta kalamu, akasaini.

Habari zilimtangulia kanisani. Jumapili iliyofuata, Raheli, mwenyekiti wa kwaya, hakumwachia nafasi kwenye mstari. "Umemuuza Baba," alimwambia. Edina hakubishana. Akaketi nyuma, karibu na mlango, na kutoka hapo akaimba sauti ya pili peke yake wiki saba, taratibu, bila kumfunika mtu sauti.

Wiki ya nane askofu alisimama baada ya matangazo, bila karatasi. Akasema amekwenda ofisi ya kodi, wamekubaliana alipe kidogo kidogo. Akasema pia kuwa redioni hakusema kweli. "Barua zilikuja, nikawa najificha," alisema. Wapo waliotoka nje kwa hasira. Wengine walibaki wameinamisha vichwa. Jina la Edina hakulitaja, naye Edina alishukuru kwa hilo, maana hakupenda kuangaliwa.

Raheli hakuomba radhi. Alichofanya ni kusogea kidogo kwenye mstari, akampungia mkono aje. Edina akachukua kitabu chake cha nyimbo, akapita katikati ya viti, akasimama pale.