Mtani Darasani

Fundi baiskeli mmoja tunayesoma naye Kiingereza cha jioni hapa Tabora alikaa wiki tatu bila kufungua mdomo. Mwalimu hutugawia kadi za maswali ya kila siku, na fundi alikuwa akiitazama yake kama hati ya kuitwa mahakamani.

Jumatano akapangwa pamoja na mama mmoja mgeni, Mzaramo. Mama akamuuliza kwa Kiingereza asubuhi amekula nini.

"Chai," fundi akanong'ona.

Mama akaiweka kadi mezani. "Mnyamwezi na chai! Babu yako alifika kwetu Pwani na mzigo mkubwa mpaka tukadhani mzigo una miguu."

Fundi akasimama. Kiingereza kikamtoka, kinachechemea lakini kinakwenda: "Na bibi yako akaufuata huo mzigo mpaka Tabora. Yuko jikoni kwetu hadi leo!"

"Adabu!" mwalimu akafoka.

"Hao ni watani, mwalimu!" tukamjibu darasa zima.

Jamani, mtu mzima atajifunzaje lugha kwa kuelezea chai yake? Mpe mtu wa kumchokoza.

Ijumaa mwalimu hakuleta kadi. Aliuliza tu nani humu ana mtani. Fundi akanyoosha kidole taratibu, akakielekeza kwa mwalimu mwenyewe, Mgogo wa Dodoma.