Saba Mara Nane, Nikiwa Chini ya Meza

Afadhali niseme mwenyewe, kwa sababu mji wetu wa Kitshanga wote unacheka tayari.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Wengi wa watoto wangu walikimbia vita, wanaishi kambini, na niliota kuwafurahisha na mchezo wa maswali wa enternete. Nyumbani niliujaribu bila sauti ili kuchunga bateri. Siku yenyewe niliunganisha telefone yangu na bafle, ile spika kubwa ya kwaya, sauti ifike mpaka nyuma.

Swali la kwanza, dakika moja ya kujibu: saba mara nane? Watoto wakabishana mpaka dakika ikaisha. Hapo bafle ikalia: bumu! Bumu!

"Mulale chini!" nililia, na mimi njo nilifika wa kwanza chini ya meza. Watoto wakalala kimya, kama walivyozoea. Huko nje wamama walishaanza kufunga magodoro ili wakimbie.

Furaha peke yake, mutoto aliyekimbia vita kule Kalembe, alibaki amekaa, anaangalia telefone.

"Mwalimu, toka huko. Haiko bombe. Iko telefone yako, inasema tulichelewa kujibu."

Nilishukuru Mungu mpaka machozi yakatoka. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale pale Papa Direkta, mkuu wa shule yetu, alipoingia mbio, godoro kichwani.

"Mwalimu, wanapiga wapi?"

"Mu telefone!" darasa lote likajibu.

Akaniinamia chini ya meza, akanitazama sana. Kisha akatua godoro, akakaa juu yake akihema.

"Mungu asifiwe," akasema. "Haya, mwalimu, saba mara nane ni ngapi?"