Unga wa Mama Nafula na sura isiyomalizwa

Leo Biblia imesomwa hapa mtaani Tuwan mpaka nikachefuka.

Ushirika wetu wa kanisa humpa Mama Nafula unga, maana mgongo wake hauwezi tena jembe.

Mwenyekiti akasimama na Biblia mkononi: "Si Paulo alisema asiyetaka kazi asipewe chakula?"

Watu wakasema amina. Amina!

Nikamwambia, "Endelea, sura haijaisha."

"Ati niendelee wapi, mzee?"

Mama Nafula mwenyewe akavaa miwani, akasoma mistari mitatu mbele: msichoke kutenda mema.

Unga akapewa.

Nyinyi mnaonisoma huko Bungoma, huwa mnaishia wapi mkisoma?

Mimi nilisomewa mstari huo wa mwenyekiti kwenye foleni ya unga, kambini kwa wakimbizi, tulipofukuzwa kwetu mlimani. Biblia yangu ilikuwa imeungua na nyumba. Kwa miaka nikaamini sura inaishia pale.