Njugu Mawe za Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Lumuma nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenituma: kuhakikisha kila asubuhi kwamba Bibi hajafa.

Kwetu watu waliamini kuwa mtu ambaye mama yake yu hai hapandi njugu mawe. Njugu huzaa chini ya udongo, walisema, na anayezifukia anamchimbia mama yake kaburi. Basi nyumbani zilipandwa na Bibi, mzaa mama, ambaye mama yake alikwisha kufariki zamani. Mwaka ule Bibi aliteleza mtoni, akateguka mkono wa kulia. Mvua ndiyo hiyo imeanza, na wazee wenzake wote wako mashambani kwao.

"Tutakula sembe," mama alisema. "Si lazima njugu."

Mama alikuwa mjamzito. Uzazi uliotangulia ulimwacha hoi, maziwa hayatoki, anashindia ugali mweupe na mchicha.

"Sembe!" Bibi akafyonza. "Sembe inajaza tumbo tu. Mzazi anataka uji wa ulezi, anataka njugu zilizochemshwa zikaiva. Shika jembe, upande."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Kama ni kufa, nife mjukuu wangu akiwa ameshiba."

Mama alipanda huku analia. Mimi nilikaa pembeni ya shamba. Nilikatazwa hata kugusa mbegu, maana mama yangu alikuwa hai.

Tangu siku hiyo, nikiamka tu nakimbilia mlangoni kwa Bibi. "Shikamoo Bibi!" Akijibu marahaba, napumua. Siku moja alikawia, nikaangua kilio hadi nyumba nzima ikaamka.

"We mtoto!" akafoka kutoka ndani. "Kwani mtu asimalize hata kusali?"

Njugu zikavunwa, mdogo wangu akazaliwa. Mama akala njugu, akanywa uji wa ulezi, mpaka maziwa yakawa yanalowesha kanga. Na Bibi akaishi, akamlea yule mtoto, akamwona anaanza shule.

Sasa naishi Mikumi. Kliniki muuguzi anatusisitizia kina mama tule ulezi na jamii ya kunde, zinaongeza damu na kujenga mwili. Namwitikia huku namkumbuka Bibi. Nikisimulia habari hii, watu hudhani ile mila hakuiamini. Aliiamini sana, na hilo ndilo linalonitoa machozi mpaka leo.

Msimu huu nina mimba, na nimepanda njugu mawe nyuma ya nyumba. Nilipompigia mama simu kumwomba ruhusa, alicheka mpaka akakohoa. Mimi imani hiyo sina, nawaambia majirani. Ila kila asubuhi, kabla sijawasha hata moto, napiga simu Lumuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado nipo, mwanangu. Umeshapalilia?"